Ujumbe wa hitilafu katika programu za wavuti

Ujumbe wa hitilafu ni maandishi ambayo programu ya kompyuta humwonyesha mtu pale kazi aliyoiomba inaposhindikana. Katika programu za wavuti, yaani zile zinazotumiwa kupitia kivinjari cha kompyuta au simu, ujumbe huo mara nyingi hutokana na eksepsheni: tukio lisilo la kawaida linalokatiza mwenendo wa programu ndani ya seva. Kuzipanga eksepsheni hizo na kuziandikia maneno yanayoeleweka ni kazi ya pande mbili: watengenezaji wa kiunzi cha wavuti, kama vile Django, Laravel au Ruby on Rails, na wasanidi wanaokitumia kiunzi hicho kujenga mifumo yao.

Suala hili lina uzito wa pekee mahali ambapo huduma muhimu zimehamia mtandaoni. Nchini Tanzania, watu huomba kazi serikalini, huomba mikopo ya elimu ya juu na hulipa ada na kodi kwa kujaza fomu za wavuti. Nyingi ya fomu hizo zina siku ya mwisho. Ujumbe usioeleweka unaweza kumkosesha mtu nafasi anayostahili, hata kama sifa zote anazo na hakuna aliyekusudia kumnyima.

Istilahi

Katika Kiswahili cha kompyuta maneno kosa na hitilafu yote hutumika, lakini hayalingani kabisa. Kosa hubeba maana ya jambo baya lililotendwa na mtu. Ni neno la mahakamani na la daftari la mwanafunzi lililosahihishwa. Hitilafu ni kasoro iliyotokea katika chombo au mpango wa kazi, kama tunavyosema hitilafu ya umeme. Kwa sababu hiyo waandishi wengi hupendelea hitilafu pale mfumo wenyewe unaposhindwa, na kosa pale tu mtumiaji alipoandika kitu kisicho sahihi.

Eksepsheni haina neno moja la Kiswahili lililozoeleka. Wasanidi husema programu "imerusha" eksepsheni pale tukio linapotokea, na "imeidaka" pale sehemu nyingine ya programu inapolipokea tukio hilo na kuamua la kufanya. Kiunzi, ambacho wengi hukiita fremuweki, ni mkusanyiko wa msimbo uliokwisha kuandikwa ambao msanidi huutumia kama mifupa ya programu yake, asilazimike kuanza kila kitu upya.

Historia

Wazo la kutenganisha mwenendo wa kawaida wa programu na ushughulikiaji wa matukio yasiyo ya kawaida lilikuwapo katika lugha za programu za miaka ya 1960, zikiwemo Lisp na PL/I. Mwaka 1975 John Goodenough alichapisha makala iliyochambua suala hilo kwa utaratibu. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 Barbara Liskov na wenzake katika taasisi ya MIT, Marekani, waliunda lugha ya CLU iliyokuwa na eksepsheni. Baadaye mbinu hiyo iliingia katika lugha za Ada, C++, Python na Java.

Mfano maarufu wa eksepsheni isiyodakwa ni ajali ya roketi ya Ulaya, Ariane 5, tarehe 4 Juni 1996. Programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4 ilijaribu kugeuza namba ya biti 64 kuwa namba nzima ya biti 16. Namba ilikuwa kubwa mno, eksepsheni ikarushwa bila kudakwa, na kompyuta za uongozaji zikazima. Roketi ilivunjika sekunde 40 hivi baada ya kuruka. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba taarifa ya hitilafu iliyotolewa na kompyuta hiyo ilisomwa na kompyuta nyingine kana kwamba ni takwimu za safari. Kwa hiyo ujumbe ulitumwa, lakini ulimfikia msomaji asiyeuelewa.

Upande wa maneno yenyewe, Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland aliandika mwaka 1982 kuhusu namna ya kutunga jumbe za kompyuta. Alishauri ziwe mahususi, zisizotisha, na zinazomwelekeza mtu la kufanya. Mwaka 1990 Jakob Nielsen na Rolf Molich walitoa kanuni za kupima urahisi wa matumizi, na mojawapo ilihusu ubora wa jumbe za hitilafu.

Viunzi vikubwa vya wavuti vilifuata: Ruby on Rails mwaka 2004, Django mwaka 2005 na Laravel mwaka 2011. Django ilipata umaarufu mapema kwa ukurasa wake wa hitilafu unaomwonyesha msanidi mstari uliovunjika na thamani zilizokuwamo wakati huo. Mwaka 2015 Evan Czaplicki, mtunzi wa lugha ya Elm, alihimiza jumbe zinazoandikwa kwa ajili ya binadamu, na jumuiya za lugha nyingine zikaiga. Toleo la Python 3.10 la mwaka 2021 lilianza kupendekeza jina sahihi pale msanidi anapokosea herufi.

Katika Afrika Mashariki, hatua ya mapema ya kuziweka jumbe za programu katika Kiswahili ilikuwa mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Django nayo ina tafsiri ya Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Mkutano wa kwanza wa watumiaji wa Django barani Afrika ulifanyika Zanzibar mwezi Novemba 2023.

Jinsi eksepsheni inavyogeuka kuwa ujumbe

Mtu anapobonyeza kitufe cha kutuma fomu, kivinjari hupeleka ombi kwa seva. Kiunzi hulipokea ombi na kulikabidhi kwa sehemu ya programu inayohusika. Sehemu hiyo huweza kuita nyingine, na hiyo kuita nyingine tena, hadi kufikia hifadhidata. Hitilafu ikitokea huko chini, eksepsheni hupanda ngazi kwa ngazi hadi ikutane na msimbo wa kuidaka. Isipodakwa popote, kiunzi chenyewe huidaka mwishoni na kurudisha ukurasa wa jumla.

Jibu lolote la seva huambatana na namba ya tarakimu tatu iitwayo msimbo wa hali, iliyowekwa katika kanuni za HTTP. Namba zinazoanza na 4 humaanisha kwamba ombi lenyewe lina tatizo; zinazoanza na 5 humaanisha kwamba seva imeshindwa. Zinazokutwa mara nyingi ni:

- 400: ombi halikuandikwa kwa namna inayotakiwa.
- 401: mtu hajajitambulisha kwa nywila au njia nyingine.
- 403: anajulikana, lakini haruhusiwi.
- 404: kilichoombwa hakipo.
- 429: maombi yamekuwa mengi mno kwa muda mfupi.
- 500: programu ya seva imeshindwa bila kutarajiwa.
- 503: huduma haipatikani kwa sasa.

Namba hizo ni za mashine kwanza. Kumwonyesha mtumiaji "500" peke yake hakumsaidii. Hata hivyo ni muhimu ziwe sahihi. Mfumo unaorudisha namba 200, yenye maana ya mafanikio, huku maandishi yakisema ombi limeshindikana huwadanganya wasanidi wa mifumo mingine inayowasiliana nao. Kwa mifumo inayozungumza yenyewe kwa yenyewe upo pia muundo sanifu wa kueleza tatizo, RFC 9457 wa mwaka 2023, wenye nafasi za aina ya tatizo, kichwa, hali na maelezo.

Kupanga eksepsheni

Ujumbe mzuri hauwezi kuandikwa iwapo programu yenyewe haijui kilichotokea. Ndiyo maana kazi huanza katika msimbo, kabla ya maneno. Eksepsheni moja ya jumla kwa kila jambo humwacha mwandishi wa ujumbe bila cha kusema ila "kuna tatizo". Katika lugha ya Python, msanidi anaweza kuunda familia ndogo ya eksepsheni za mfumo wake:

class HitilafuYaOmbi(Exception):
    hali = 500
    msimbo = "hitilafu-isiyojulikana"

class MudaUmekwisha(HitilafuYaOmbi):
    hali = 403
    msimbo = "muda-umekwisha"

class ChetiKikubwaMno(HitilafuYaOmbi):
    hali = 413
    msimbo = "cheti-kikubwa-mno"

Kila eksepsheni hapa hubeba mambo mawili: hali ya HTTP na msimbo mfupi usiobadilika. Maneno ya kumwonyesha mtumiaji huhifadhiwa kwingine na kuchaguliwa kwa kufuata msimbo huo. Faida yake ni kwamba maneno yanaweza kurekebishwa au kutafsiriwa bila kuigusa programu, na programu nyingine inaweza kuutambua msimbo bila kusoma sentensi.

Desturi tatu nyingine husaidia. Ya kwanza ni kutodaka eksepsheni ambayo msanidi hana la kufanya nayo. Kuidaka na kunyamaza huficha hitilafu hadi iwe kubwa. Ya pili ni kuhifadhi chanzo. Python huruhusu eksepsheni mpya irushwe ikiwa imefungamanishwa na ile ya awali, ili msanidi auone mnyororo mzima. Ya tatu ni kukagua mambo mapema. Django, kwa mfano, ina eksepsheni maalumu ya mipangilio isiyo sahihi, ambayo inaweza kurushwa mfumo unapowashwa, mbele ya msanidi, badala ya kungoja mwananchi akutane na tatizo usiku.

Wasomaji watatu wa hitilafu moja

Hitilafu moja huwa na wasomaji zaidi ya mmoja, na kila mmoja anahitaji kitu tofauti.

Wa kwanza ni mtumiaji. Anataka kujua mambo matatu: nini kimetokea, je, alichokwisha kujaza kimehifadhiwa, na afanye nini sasa.

Wa pili ni msaidizi. Anaweza kuwa mhudumu wa dawati la msaada, au kijana wa steshonari anayejaza fomu kwa niaba ya mteja aliyeketi pembeni. Huyu anahitaji ujumbe unaoweza kusomwa kwa sauti au kutajwa kwenye simu. Kwa ajili yake huwekwa namba ya tukio: herufi na tarakimu chache, zisizo na mkanganyiko wa herufi O na sifuri au herufi I na moja.

Wa tatu ni msanidi. Anahitaji aina ya eksepsheni, mstari wa msimbo, mfuatano wa sehemu zilizoitana na wakati wa tukio. Haya yote huandikwa katika kumbukumbu za seva yakiambatana na namba ileile ya tukio aliyopewa mtumiaji.

Mifumo mingi mibovu huchanganya wasomaji hawa. Mwananchi huonyeshwa mistari ya msimbo isiyomhusu, huku msanidi akibaki na kumbukumbu isemayo tu kwamba "imeshindikana".

Sifa za ujumbe unaoeleweka

Ujumbe unaoeleweka husema jambo mahususi, hutaja kipimo au kikomo kinachohusika, hueleza tatizo liko upande gani, na hutoa hatua ya kufuata. Ufuatao ni ulinganisho wa jumbe za mfano.

Usioeleweka: "Ingizo batili."
Unaoeleweka: "Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Uliyoandika ina tarakimu 19. Ihakiki kwenye kitambulisho chako."

Usioeleweka: "Faili halikubaliki."
Unaoeleweka: "Cheti ulichopakia kina ukubwa wa MB 5. Kikomo ni MB 2. Kipunguze kisha ukipakie tena."

Usioeleweka: "Hitilafu 500."
Unaoeleweka: "Mfumo wetu umeshindwa kutuma ombi lako. Tatizo liko kwetu, si kwenye simu yako wala bando lako. Uliyojaza yamehifadhiwa. Jaribu tena baada ya dakika 10. Ukishindwa, piga simu dawati la msaada na utaje namba K7M-294."

Ahadi zilizomo katika ujumbe lazima ziwe kweli. Ujumbe usemao "uliyojaza yamehifadhiwa" ni mzuri iwapo programu kweli imeyahifadhi. Vinginevyo ni uongo wenye adabu. Vilevile neno "tafadhali" halitoshi kuufanya ujumbe uwe mwema. Mtu aliyeambiwa kwa upole "tafadhali jaribu tena baadaye" bila kuelezwa baadaye ni lini hajasaidiwa.

Mahali pa ujumbe pia pana umuhimu. Fomu ndefu ikirudishwa na sentensi moja nyekundu juu kabisa, mwenye simu ndogo huenda asiione. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, WCAG, unataka kisanduku chenye tatizo kitambulishwe na tatizo lielezwe kwa maandishi. Rangi peke yake haitoshi, kwa kuwa wapo wasioona na wasiotofautisha rangi.

Mara nyingine dawa bora ni kuiondoa hitilafu kabisa. Namba ya mtahiniwa wa kidato cha nne huandikwa kwa namba ya kituo, namba ya mtahiniwa na mwaka, zikitenganishwa kwa mkwaju. Mtu akiweka nukta au nafasi badala ya mkwaju, programu inaweza kurekebisha yenyewe badala ya kumkatalia. Kadhalika namba ya simu inayoanza na 0 na ileile inayoanza na +255 ni namba moja.

Kiswahili na upatanisho wa kisarufi

Viunzi vingi viliundwa na wasemaji wa Kiingereza, lugha ambayo kitenzi chake hakibadiliki kwa kufuata ngeli ya nomino. Hivyo huwa na kiolezo kimoja chenye nafasi tupu ya jina la kisanduku. Laravel, kwa mfano, hutumia alama :attribute, na jina la kisanduku huwekwa hapo wakati wa kuonyesha ujumbe.

Katika Kiswahili kiolezo cha namna hiyo huvunjika, kwa sababu kitenzi lazima kipatane na nomino:

- Jina linahitajika.
- Namba ya simu inahitajika.
- Cheti kinahitajika.
- Mkoa unahitajika.
- Vyeti vinahitajika.
- Mahali pa kuzaliwa panahitajika.

Kiolezo ":attribute inahitajika" kitatoa "Jina inahitajika" na "Cheti inahitajika". Msomaji ataelewa, lakini ataona pia kwamba mfumo haukuandikwa kwa lugha yake. Katika sentensi ndefu zaidi upatanisho mbovu huweza hata kuficha ni kitu gani kimekataliwa. Mfano ni ujumbe unaosema "imekataliwa" wakati mtu ametuma ombi, picha na cheti kwa pamoja: kwa upatanisho sahihi, "limekataliwa" lingekuwa ombi, "imekataliwa" ingekuwa picha, na "kimekataliwa" kingekuwa cheti.

Ziko njia tatu za kulitatua tatizo hili. Ya kwanza ni kutanguliza nomino moja isiyobadilika, nayo ndiyo itawale kitenzi: "Sehemu ya jina inahitajika", "Sehemu ya cheti inahitajika", "Sehemu ya mkoa inahitajika". Ya pili ni kutumia kitenzi cha kuamuru kisichohitaji kiambishi cha ngeli: "Jaza jina", "Jaza mkoa". Njia hii ni fupi na humwambia mtu la kufanya, ingawa kitenzi lazima kifae: cheti hupakiwa, hakijazwi. Ya tatu, iliyo bora kwa fomu muhimu, ni kuandika sentensi kamili kwa kila kisanduku na kuichagua kwa msimbo wa eksepsheni.

Wingi huleta ugumu wa ziada. Zana za tafsiri zinazotumiwa na viunzi hutenga umbo la umoja na la wingi, nayo hutosha kwa "Cheti 1 kimekataliwa" na "Vyeti 3 vimekataliwa". Hazijui lolote kuhusu ngeli. Kwa hiyo msanidi hapaswi kuunganisha vipande vya sentensi katika msimbo, bali ampe mfasiri sentensi nzima.

Huduma za mtandaoni Tanzania

Wakala ya Serikali Mtandao ilianza kazi mwaka 2012. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliigeuza kuwa Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), yenye jukumu la kuratibu na kusimamia mifumo ya taasisi za umma. Mamlaka hiyo ina kituo cha utafiti na ubunifu jijini Dodoma, mji ambao ulichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na ambako serikali ilihamia kwa kasi kuanzia 2016. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kina ndaki inayofundisha sayansi ya kompyuta na mifumo ya habari. Katika eneo la chuo hichohicho zipo ofisi za Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo hupokea maombi ya kazi kwa njia ya mtandao. Malipo ya serikali hukusanywa kupitia mfumo wa GePG, ulioanza 2017, ambao humpa mlipaji namba ya malipo.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya maamuzi kuhusu maneno yanayotokea kwenye skrini za wananchi hufanyika katika nyanda za kati, na baadhi ya wasomaji wake wako hapohapo. Mtu aliyetoka kijijini Bahi, Chamwino au Kongwa kwenda mjini kujaza fomu ametumia nauli na siku nzima. Ujumbe ukimwambia "jaribu tena baadaye", maana yake kwake ni nauli nyingine.

Mazingira hayo yamezaa pia matumizi mapana ya neno mtandao. Husemwa "mtandao unasumbua" iwapo mnara wa simu umezidiwa, iwapo seva imezima, na hata iwapo programu ina kasoro. Mfumo unaoandika "tatizo la mtandao" kwa hitilafu yake wenyewe humfanya mtu anunue bando jingine, abadilishe laini au atembee kutafuta mawimbi, ilhali hakuna hata kimoja kitakachosaidia. Kutofautisha "hatukufikia seva" na "seva imeshindwa" ni jambo dogo katika msimbo lenye faida kubwa kwa mfuko wa mtumiaji.

Hitilafu katika malipo

Malipo kwa simu huhitaji uangalifu zaidi, kwa sababu yana hali tatu: yamefanikiwa, yameshindikana, au haijulikani. Hali ya tatu hutokea pale programu inaposubiri jibu la kampuni ya simu na jibu likachelewa. Kuandika "malipo yameshindikana" katika hali hiyo ni kosa, kwani fedha huenda zimekwisha kukatwa, na mtu akijaribu tena atalipa mara mbili.

Jukwaa la Daraja la Safaricom, Kenya, ni mfano mzuri wa taarifa zinazomwezesha msanidi kutofautisha mambo. Baada ya ombi la malipo ya M-Pesa, jukwaa hurudisha namba ya matokeo: 0 kwa mafanikio, 1 kwa salio lisilotosha, 1032 kwa mteja aliyeghairi, na 1037 kwa simu ya mteja isiyofikiwa au isiyojibu kwa wakati. Programu inayozigeuza namba hizi zote kuwa sentensi moja hutupa maarifa iliyopewa. Aliyeghairi hahitaji kuambiwa aongeze salio.

Kwa hali isiyojulikana, ujumbe unaofaa ni kama huu: "Hatujapata uthibitisho wa malipo yako. Usilipe tena kwa sasa. Tutakutumia ujumbe mfupi uthibitisho ukifika." Nyuma yake, kila ombi hupewa alama ya pekee ili likirudiwa seva itambue kwamba ni lilelile na isilitekeleze mara ya pili.

Usalama na faragha

Taarifa inayomsaidia msanidi inaweza kumsaidia pia mhalifu. Django na Laravel zina hali ya uchunguzi inayoonyesha msimbo na mipangilio. Hali hiyo ni ya wakati wa kutengeneza tu, na lazima izimwe mfumo unapofunguliwa kwa umma. Django huficha mipangilio yenye majina yanayoashiria siri, kama vile nywila, lakini haiwezi kukisia kila siri. Mwaka 2021 ilitangazwa kasoro iliyopewa namba CVE-2021-3129 katika Ignition, programu ya kurasa za hitilafu za Laravel. Pale hali ya uchunguzi ilipoachwa wazi, mshambuliaji wa mbali aliweza kuendesha msimbo wake ndani ya seva.

Ujumbe wa kuingia katika akaunti nao una mtego. "Nywila si sahihi" humjulisha mgeni kwamba akaunti ipo, na "akaunti haipo" humjulisha kwamba haipo. Kwa hiyo mifumo mingi husema "Jina la mtumiaji au nywila si sahihi".

Mgongano mgumu zaidi ni wa majina yasiyolingana. Mtu anaweza kuandikwa Mohamed kwenye cheti na Mohammed kwenye kitambulisho cha taifa. Ujumbe "Majina hayalingani" haumwonyeshi tofauti iko wapi. Lakini kumwonyesha jina kamili lililo katika kumbukumbu za taifa kunaweza kumfichulia mtu mwingine aliyeandika tu namba isiyo yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Suluhisho la kati ni kutaja ni jina lipi lenye tofauti, la kwanza, la kati au la mwisho, na kumweleza mtu ofisi ya kwenda na hati za kuchukua.

Mijadala

Wasanidi hawakubaliani iwapo jumbe zinazowahusu wao nazo zitafsiriwe. Wanaopinga husema kwamba ujumbe wa Kiingereza ni rahisi kuutafuta mtandaoni na kupata majibu. Wanaounga mkono husema mwanafunzi anayeanza hukwama mara mbili, kwanza kwa lugha, kisha kwa programu. Njia inayopatanisha ni kuuacha msimbo wa hitilafu bila kubadilika na kuweka maelezo ya Kiswahili kando yake.

Mjadala mwingine ni wa urefu. Ujumbe mrefu hausomwi. Mfupi mno hausemi kitu. Wengi huweka sentensi mbili au tatu mbele na kuacha maelezo zaidi nyuma ya kiungo. Kipimo rahisi ni kumpa mtu asiyeujua mfumo asome ujumbe mara moja, kisha aulizwe atafanya nini. Akijibu kwa usahihi bila kusaidiwa, ujumbe umefanya kazi yake. Kipimo kingine ni hesabu ya kumbukumbu za seva: hitilafu inayorudiwa na watu wengi katika kisanduku kilekile mara nyingi si ya watu hao, bali ya fomu.

Tazama pia

- Chuo Kikuu cha Dodoma
- Django
- HTTP
- Kivinjari
- Ngeli za Kiswahili
- Python (lugha ya programu)
- Serikali mtandao